Jina la Beryl ubavuni mwa ndege

Nililigusa kwa kidole. Kibandiko kidogo tu, kipo ubavuni mwa ndege karibu na mbele, katikati ya vingine vingi, maana kila kimbunga ndege hiyo ilichokiingia kina alama yake pale. Beryl. Binti yangu akanivuta mkono, foleni ilikuwa inasogea.

Jana niliomba ruhusa kazini, naye nikamtoa shule mapema, tukaendesha kama saa nzima kutoka hapa Houston kwenda kuziona ndege hizi. Kila mwaka, kabla msimu wa vimbunga haujaanza tarehe 1 Juni, NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, hupitisha ndege zake kwenye miji ya pwani ili watu waingie ndani na kuuliza maswali. Huandamana na ndege ya wanajeshi wa akiba wa Jeshi la Anga, kikosi chao kiko Biloxi, Mississippi. Hii ya NOAA ni Orion, injini nne za panga boi, na pua yake imechorwa chura Kermit wa kwenye televisheni. Ndani hufikirii kabisa ndege ya abiria: meza za kompyuta, nyaya, viti vyenye mikanda ya mabegani.

Mtaalamu mmoja akampa binti yangu dropsondi aishike. Ni bomba la karatasi ngumu, halifiki nusu kilo, lina parachuti iliyokunjwa kichwani. Wakiwa ndani ya kimbunga, kwenye mita kama 3,000, huliachia lidondoke. Kwa dakika chache linazoshuka linatuma joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, kasi ya upepo na unakoelekea, mpaka liguse maji, linyamaze. Haliokotwi. Vipimo vinawafikia watabiri Miami papo hapo. Setilaiti inayaona mawingu kwa juu, lakini hewa ya chini kabisa, pale katikati ya jicho, yaani kitovu cha kimbunga, inaikadiria tu. Hawa wanakwenda kuipima. Mwaka 1955 ndege ya Jeshi la Wanamaji iliingia kimbunga Janet kule Karibiani na watu 11. Haikurudi.

Nilikuwa nayafikiria hayo mbele ya lile jina, kwa sababu Beryl ninaye rohoni tangu Julai 2024. Siku za mwanzo kilisemwa kinaelekea mpakani mwa Mexico na Texas, huku kwetu watu wakatulia. Kisha kila taarifa mpya ikausogeza kaskazini mstari wa njia yake. Jumamosi usiku niliuona kwenye simu yangu, nikaelewa. Nikajaza ndoo maji, nikachaji kila kitu, nikanunua mikate. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8, kikatua Matagorda, pwani ya Texas, na siku hiyo wateja zaidi ya milioni 2 wa huku hawakuwa na umeme. Sisi tulikaa siku sita na joto lile.

Chini yetu anakaa mama wa Bukavu, mtu mzima, anapumua kwa mashine ya oksijeni. Ujumbe wa tahadhari ulimfikia kwa Kiingereza, akadhani ni matangazo ya biashara. Watu walikwenda mpaka ndani ya jicho kuutafuta ule mstari, ukanifikia mimi kitandani, ukaishia hapo. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni ngazi 14. Sikuzishuka. Asubuhi nilimkuta na silinda moja ya akiba, tukampakia kwenye gari hadi kwa ndugu mwenye jenereta. Alipona, alhamdulillahi.

Kwa hiyo jana, wenzangu walipokimbilia kupiga picha, mimi nilikaa kwenye meza za kujiandaa. Bima ya mafuriko, kwa mfano, huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia, basi ukingoja kimbunga kitajwe umeshachelewa. Na Texas ina daftari la bure la watu watakaohitaji msaada wakati wa maafa, ila inabidi kujiandikisha upya kila mwaka. Vipeperushi vilikuwepo vya Kiingereza, Kihispania na Kivietinamu. Nikauliza Kiswahili. Dada wa mezani akaandika ombi langu, akanipa vya Kiingereza kumi. Vitano nimeshavitafsiri.

Nyumbani kwetu ni Pemba. Karafuu zetu zina historia na kimbunga: kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sisi ndio tukawa shamba la karafuu. Wakati ule hakuna aliyeambiwa kitu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na mama alinipigia simu yeye kunieleza. Lakini bahari yetu haina ndege za kuingia humo kila msimu, watabiri wanategemea setilaiti. Natamani nione siku zitakapokuwepo.

Jioni nilishuka kwa mama wa Bukavu na fomu ya lile daftari.

"Shikamoo, mama."

"Karibu, mutoto yangu."

Tukajaza jina, namba ya simu, aina ya mashine, kwamba haiwezi kukaa bila umeme. Binti yangu akamweleza habari ya ndege na lile bomba la karatasi. Mama akasikiliza, mkono kifuani.

"Na bale benye kuingiaka mule ndani, bamama yabo banajua?"

"Nilimuuliza rubani," binti yangu akasema. "Akishatua tu anampigia mama yake."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kisha akanirudishia kalamu. Tulikuwa bado hatujaandika namba ya nyumba.