Ufaransa kabla ya 1789: hata chumvi ilikuwa na wenyewe

Watu wakiongelea mapinduzi ya Ufaransa wanakimbilia jumba la mfalme la Versailles na vichwa kukatwa, ila mimi kinachoniuma kuliko vyote ni chumvi. Chumvi hii hii ya jikoni.

Kwanza watu walikuwa wamegawanywa mafungu matatu, la kwanza maaskofu na mapadre, la pili makabaila, la tatu waliobaki, na hao waliobaki ndo karibu nchi nzima ya watu kama milioni 28, yaani kibarua na tajiri wa meli kule Bordeaux wote fungu moja. Taille, kodi kubwa ya mfalme, makabaila na kanisa hawalipi. Mkulima ndo analipa, halafu anatoa fungu la kumi, halafu kuna ya bwana mwenye ardhi, na sehemu nyingi hata kusaga ngano lazima aende kwenye kinu cha bwana huyo huyo na alipie. Njiwa wa bwana wakija kula mbegu shambani hana ruhusa ya kuwaua!

Sasa chumvi. Kodi yake iliitwa gabelle, na kwenye mikoa iliyobanwa zaidi, Paris ikiwemo, kila mtu kuanzia miaka 8 alihesabiwa kiasi cha kununua kila mwaka kwenye ghala la mfalme, utake usitake. Na chumvi hiyo ya lazima ni ya kupikia na ya mezani tu. Umechinja nguruwe unataka kumkausha kwa chumvi nyama ikusogeze wakati wa baridi? Kanunue nyingine, ukitumia ile ya mezani ni faini. Jamani, mtu kanunua kwa hela yake bado anapangiwa aitie kwenye nini.

Mkoa jirani wa Bretagne hiyo kodi haikuwepo, bei ilikuwa chini mara 10 na zaidi. Unategemea nini? Magendo. Mpakani na Maine, mkoa uliobanwa na gabelle, watu walivusha usiku, wanawake wanaficha ndani ya nguo, hata mbwa walifundishwa, wanafungwa mzigo upande wa Bretagne wakiwa na njaa halafu wanaachiwa wakimbie nyumbani kwenye chakula. Walinzi wakawa wanapekua mpaka wanawake. Waliokamatwa wengi waliishia kifungo cha kazi ngumu, wanaume wenye familia, kisa gunia la chumvi.

Ndo mambo yakiwa hivyo, mvua ya mawe ya Julai 1788 ikaharibu mazao, mwanzoni mwa 1789 mkate wa ratili 4 Paris ukafika sous (sarafu ndogo za Ufaransa) 14 na nusu na kibarua kwa siku anapata sous kama 20 au 30. Mfalme akaruhusu watu waandike malalamiko yao, na gabelle ikalalamikiwa kila kona, na mimi nawaelewa kabisa.

Ilifutwa 1790. Mwaka 1806 Napoleon akarudisha kodi ya chumvi.