Ross County ule msimu wa kwanza ligi kuu

Jamani leo nimekumbuka Ross County, ile timu ya mpira ya Uskoti, ya msimu wa 2012/13 nikaona niandike, maana nilikuwa naishi Inverness na ile timu iko hapo jirani tu, Dingwall, mwendo kama wa nusu saa hivi kwa treni. Dingwall ni kamji kadogo sana, watu elfu tano na kitu, na uwanja unabeba watu wengi kuliko mji wenyewe! Walipanda ligi kuu ya Uskoti kwa mara ya kwanza kabisa, na msimu uliowapandisha walifungwa mechi moja tu ya ligi, kocha Derek Adams. Kila mtu akasema watashuka fasta.

Wapi! Machi 2013 Celtic, vigogo wa Uskoti, wanakuja Dingwall, wametoka kucheza na Juventus kule Turin, wanaongoza 2-0 mapema tu, County wakarudisha moja, wakarudisha la pili, halafu dakika za nyongeza Wohlfarth akatia la tatu, 3-2, aisee sauti ilinikauka siku ile, nilikuwa nakumbatiana na wazee nisiowajua kabisa. Mpaka leo sijaona mechi iliyonipa raha kama ile.

Walimaliza nafasi ya 5. Nafasi ya 5, timu iliyoingia ligi za taifa 1994 tu! Na majirani zao Inverness wakamaliza wa 4, kwa hiyo mtaani ubishi haukuisha kiangazi kizima.