Nukta 61

Bibi wa vitumbua alinijibu swali langu kwa maneno machache, nikaandika sifuri nikaondoka. Miaka imepita na ile sifuri bado naiona, na mwandiko wake naukumbuka.

Ilikuwa 2013. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya takwimu na kazi sina, nikapata nafasi ya udadisi katika utafiti mmoja kusini mwa mto Pangani. Unavuka kwa pantoni hadi Bweni, unapanda pikipiki, mnapita katikati ya minazi mpaka kijijini. Nilikaa pale wiki saba.

Mtafiti mkuu alikuwa mama wa Kitanzania ambaye sote tulimwita Daktari. Alitaka kujua habari za afya zinavyosafiri kijijini: siku ya chanjo, ugawaji wa vyandarua, tahadhari ya kipindupindu. Waliomtangulia wengi walikuwa wamepima watu wanajua nini. Yeye aliuliza nani kamwambia nani. Kila mtu mzima angekuwa nukta, kila mazungumzo mstari, na mwisho tungeona kijiji kizima kimetanda kwenye karatasi moja. Nililipenda neno mtandao tangu siku hiyo, maana limezaliwa na kutanda, kama utando wa buibui: ukigusa uzi huku, kule kunatikisika.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Katika miezi sita iliyopita, ni watu gani umezungumza nao mambo yaliyo muhimu kwako?" Chini yake mistari mitano ya majina. Hatukulitunga sisi. Lilitoka Marekani, kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 1985, na tangu hapo limetumika katika nchi nyingi. Tulilitafsiri kwa uangalifu, tukalijaribu, likaonekana halina kasoro.

Bibi nilimhoji mchana, barazani kwake, chuma cha vitumbua kimeinamishwa ukutani kimekauka. Alikuwa na umri ambao mwenyewe aliukadiria kwa mafuriko na vita. Nilimsomea swali mara mbili.

"Sina, mwanangu," alisema. "Niliokuwa nikisemezana nao mambo hayo wote wako kule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mikorosho, yaliko makaburi.

Nilimwonea huruma sana. Nikaandika 0, nikamshukuru, nikaenda kaya ya pili.

Wiki ya tano tukaingiza majina kwenye kompyuta. Jenereta la mwenyekiti lilikuwa linanguruma nje, ndani tumejipanga nyuma ya Daktari tukitazama programu ya Gephi ikichora. Namna inavyochora ni kitu cha kukitazama. Nukta zote hufukuzana, kila moja inataka kukaa mbali na mwenzake, lakini mistari inazivuta kama mpira. Wenye mistari mingi huburutwa katikati, wasio nayo husukumwa pembeni. Mbele ya macho yetu zikajitokeza koo, zikajitokeza vitongoji viwili, akajitokeza shehe katikati na wajomba wawili watatu wenye mashamba. Na pembeni kabisa, karibu itoke nje ya kioo, nukta moja peke yake. Namba 61. Hakutaja mtu, na hakuna aliyemtaja.

Nilifungua daftari kutafuta 61 ni nani, ingawa moyo ulishajua.

Asubuhi yake niliamka saa kumi na moja, kama kila siku, kwenda kununua vitumbua. Nilipofika mkekani kwake ndipo nikasimama na pesa mkononi. Nilikuwa nimekuja hapa kila alfajiri kwa wiki tano. Ni hapa nilipoambiwa kaya namba fulani baba harudi mpaka bamvua, yale maji makuu ya bahari, lipite, msimfuate bure. Ni hapa niliposikia nani kajifungua na chombo cha nani hakijarudi. Kazi yangu yote pale kijijini ilikuwa imebebwa na mtu niliyemwandikia sifuri.

Sikuondoka. Nilimwomba ruhusa nikae, akanisogezea kigoda. Mteja wa kwanza alikuwa binti anayeishi kwa nesi wa zahanati. Alichukua vitumbua sita na kusema nesi anasafiri, mizani ya watoto si Jumamosi tena, ni kesho Ijumaa. Basi. Kuanzia hapo kila aliyekuja aliondoka na vitumbua na Ijumaa. "Mama Zuhura, mizani ni kesho, mpitie na wifi yako." Kwa mvuvi: "Mwambie mkeo." Mkono unageuza kwa spoku ya baiskeli, mdomo unafanya kazi yake. Karibu nusu ya waliokuja walikuwa watoto waliotumwa na bakuli, na wao pia aliwaambia, akawarudisha hatua mbili kuhakikisha wameshika. Jua lilipochomoza nilikuwa nimehesabu watu 43. Tangazo la Ijumaa lilibandikwa mlangoni kwa mtendaji saa nne.

Nilimkuta Daktari anapiga mswaki. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alikaa kimya, kisha akaniambia habari ya Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, ambayo darasani nilifundishwa nusu tu.

Miaka ya sitini Milgram aliwapa watu wa Nebraska na Boston bahasha ya kumfikia dalali mmoja wa hisa, aliyefanya kazi Boston na kuishi mji wa Sharon. Masharti: mpe unayefahamiana naye kwa jina, naye ampe anayefahamiana naye. Watu wanaokumbuka jaribio lile wanakumbuka hatua sita, yaani mikono michache tu inatosha kuunganisha watu wasiojuana. Daktari alitaka nikumbuke kingine. Kati ya watu 296 walioombwa kuanza, bahasha 64 zilifika. Kati ya hizo, 24 zilimfikia dalali nyumbani kwake Sharon, na 16 kati ya hizo 24 zilipita mkononi mwa mtu mmoja: muuza nguo wa pale mjini.

"Muuza nguo," alirudia. "Unadhani angetajwa na nani kwenye dodoso letu?"

Tukaanza kuchambua Kiswahili chetu wenyewe pale uani. Ukimwambia mtu wa pwani "mambo muhimu" anasikia shauri: posa, mirathi, kesi ya shamba. Shauri lina wenyewe. Unampelekea mjomba, unampelekea shehe. Habari haina mwenyewe, inachukuliwa na anayepita, na hakuna anayeihesabu kuwa ni mazungumzo. Tulikuwa tumekuja kufuata habari, tukauliza shauri. Tafsiri ilikuwa sahihi kila neno.

Siku na fedha zilizobaki zilitosha kurudi kitongoji kimoja tu. Swali jipya lilikuwa fupi: "Tangu ulipoamka jana, umesemezana na nani?" Watu walifumba macho, wakaanza kutembea siku yao upya: nimetoka, nimepita kisimani, nimenunua vitumbua. Nilipochora tena nilikaa na mikono magotini. Nukta 61 ilianzia pembeni ilikokuwa, ikatetemeka, ikaburutwa mpaka katikati, na nukta nyingine zikajipanga kuizunguka.

Miaka baadaye nilisoma kazi iliyochapishwa 2019 na wachumi Abhijit Banerjee, Arun Chandrasekhar, Esther Duflo na Matthew Jackson, waliofanya majaribio katika vijiji 213 vya Karnataka, India. Waliwauliza wanakijiji tu: mkitaka habari isambae, aambiwe nani? Wakawapa habari hao waliotajwa, nayo ikaenea kuliko ilipopewa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kuliko hata ilipopewa wakubwa wa kijiji. Nilisoma nikasikia harufu ya iliki.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimpelekea bibi karatasi ile. Haikuwa na jina, ila nilimwonyesha nukta yake, kwa kuwa ni yake. Nilimwomba radhi kwa sifuri niliyoandika. Hilo halikumshughulisha. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiendelea na vitumbua, akaniuliza huyu ni nani, na huyu. Sikumwambia.

"Na yule mtoto anayeniletea kuni? Ndiye anayenipelekea salamu kitongoji cha juu. Yuko wapi?"

"Hayumo, bibi. Tulihoji watu wazima tu."

Alinitazama, kisha akaweka kidole juu ya karatasi, kando ya nukta yake, mahali palipokuwa peupe.

"Mtie hapa."

Karatasi ninayo. Doa la mafuta halijatoka.