Angalia tarehe ya hamira kabla hujawasha jiko
Kama unapika bia nyumbani hapa Nairobi na unaagiza hamira ya maji kutoka nje, anza na tarehe ya kutengenezwa, hayo mengine baadaye. Paketi nyingi zikitoka kiwandani zina seli kama bilioni 100, na hesabu ambayo wengi wetu tunatumia ni zinapungua asilimia 20 hivi kila mwezi, na hiyo ni zikikaa kwa friji. Sasa yako imepanda ndege, imelala forodhani, halafu ikabebwa na boda jua la saa saba, hapo mimi nakadiria chini zaidi.

Tuseme unapika eili, ile bia inayochachia kwa joto la kawaida, lita 20, graviti 1.048 (kipimo cha sukari kabla bia haijachacha), yaani kama digrii 12 za Plato, kipimo kingine cha hiyo sukari. Eili inataka seli milioni 0.75 kwa kila mililita kwa kila digrii, so 0.75 mara 20,000 mara 12 unapata bilioni 180. Paketi ya miezi miwili imebaki na kama 64. Unadaiwa bilioni 116, na ukipuuza hilo deni bia inachelewa kuanza kuchacha, bakteria wanapata nafasi, na inaweza hata kukwama katikati ikiwa bado tamu.

Hapo ndio unatengeneza stata, yaani kabia kadogo ka kuzalishia hamira kwanza. Gramu 100 za unga wa kimea (si kimea kilichosagwa, ni ile dondoo yake iliyokaushwa, DME) kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 15, poza kabisa, weka pamoja na hamira kwa chupa safi. Ukiwa na kile kimashine cha sumaku cha kukoroga, vipimo vya Kai Troester, mpika bia wa nyumbani anayefanya majaribio, vinaonyesha karibu seli bilioni 1.4 mpya kwa kila gramu ya unga, so gramu 83 zinatosha, mimi naweka lita moja tu nisisumbuke. Bila kimashine, ukiwa unatikisa tu chupa kila ukipita jikoni, mavuno yanashuka chini ya nusu, panga lita mbili na nusu na utafute chupa kubwa manake povu litapanda. Stima zikipotea usiku endelea kutikisa kwa mkono, hamira inataka hewa ndio izaane.

Kesho yake stata inakaa rangi ya chai ya maziwa. Iweke friji usiku mmoja na utaona hamira imeshuka chini, tabaka zito la krimu, na juu bia nyembamba isiyo na ladha ya maana. Mwaga hiyo ya juu, usiionee huruma, bakisha kidogo tu ya kukorogea hamira kabla ya kuimimina kwa bia yako.

Wazee wa muratina, pombe ya kienyeji inayochachishwa kwa tunda, hawakuwa na hesabu ya mabilioni lakini tunda lao walikuwa wanalikausha na kulirudisha kwa pombe inayofuata, hamira ikiwa imeshika kwa nyuzi zake, na mimi naheshimu sana huo ujuzi.

Laga, ile bia inayochachia kwa baridi, inataka maradufu, bilioni 360 kwa hizo lita 20, na pia friji ya kuchachishia. Hamira ya unga haihitaji stata, paketi ya gramu 11.5 inatosha hii eili.