Kitafuta-ukingo na matundu manne ya bamba la beringi

Mteja mmoja aliniletea bamba la chuma la kubebea beringi ya mashine yake ya kusaga mahindi, akaomba nimchongee jingine linalofanana nalo kwa kuwa la zamani lilikuwa limepasuka. Kulikata na kulisawazisha halikuwa jambo gumu. Kilichohitaji utulivu ni matundu manne ya bolti, ambayo yote yalipimwa kuanzia kwenye pembe moja ya bamba, na mashine ya kuchonga haijui pembe hiyo iko wapi mpaka fundi aioneshe.

Miaka yangu ya mwanzo niliionesha kwa karatasi. Nilishika kipande cha karatasi kati ya kisu kinachozunguka na ukingo wa chuma, nikasogeza meza mpaka kisu kiinyakue karatasi, kisha nikahesabu unene wa karatasi, ambao kwa ile ya ofisini ni karibu milimita 0.1, pamoja na nusu ya kipenyo cha kisu. Njia hiyo inafaa kazi zisizodai usahihi mkubwa. Tatizo ni kwamba kisu kilichonolewa mara kadhaa huwa chembamba kuliko namba iliyoandikwa kwenye shina lake, hivyo nusu unayoihesabu si nusu ya kweli, na vidole viko karibu mno na meno ya kisu.

Sasa natumia kitafuta-ukingo cha springi, ambacho mafundi wengi hukiita ejifainda. Kina vipande viwili vya chuma kigumu: shina linaloshikwa na mashine, na ncha ya mviringo inayokaa chini yake, vikivutwa pamoja na springi ndogo iliyopita ndani. Nyuso zinazokutana zimesuguliwa laini sana, kwa hiyo ncha huteleza pembeni ikisukumwa, lakini haidondoki.

Nikishakifunga kwenye koleti, yaani kibanio cha mashine kinachoshika shina, naisukuma ncha kwa kidole itoke kidogo kwenye mstari wa shina, ndipo nawasha mashine kwa mizunguko kati ya 800 na 1,000 kwa dakika. Ikizunguka polepole mno, mruko nitakaoueleza hauonekani vizuri. Ikizunguka kwa kasi kupita kiasi, ncha hutupwa nje, springi ikavutika, na kifaa kikawa hakiaminiki tena. Mwanzoni ncha huonekana kama kivuli kinene, maana inayumba. Meza inaposogezwa na ncha kuanza kugusa ukingo, kivuli hicho hukonda kidogo kidogo mpaka ncha na shina vikaonekana kama fimbo moja iliyonyooka, iliyotulia kana kwamba haizunguki. Wanafunzi wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Inapasa kuendelea taratibu, sehemu ya mia ya milimita kwa wakati mmoja, hadi ghafla ncha iteleze pembeni na kubaki huko. Kipimo ni mruko huo, kwa sababu ndio unaojirudia: nikirudia mara tatu kwa mkono mtulivu, namba hazipishani zaidi ya milimita 0.01.

Kabla ya hayo yote, ukingo lazima uwe safi. Vimiba vinavyoachwa na msumeno naviondoa kwa tupa, na chenga nazifuta kwa kitambaa, kisha napitisha kidole. Chenga moja iliyonaswa kati ya ncha na bamba hukupa mruko mzuri kabisa, ila mahali pasipo ukingo.

Ncha inaporuka, kitovu cha spindo, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, bado kiko nje ya ukingo kwa nusu ya kipenyo cha ncha. Kwa ncha ya milimita 10, ni milimita 5. Niliwahi kuisahau nusu hiyo, nikatoboa bamba la mteja, na matundu yote yakawa pembeni kwa milimita 5. Chuma kile kililipiwa kutoka mfukoni mwangu. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu uleule bila kuuvunja: napandisha kifaa juu kwanza, nasogeza meza milimita 5 zaidi kwa mwelekeo uleule niliogusia, kisha hapo ndipo naweka sifuri, mahali pa kuanzia vipimo vyote.

Kuhusu kuchagua, ushauri wangu ni kuanza na vipimo vya mashine yenyewe. Mashine nyingi kuukuu zilizotoka Uingereza na Marekani zina skrubu za kusogeza meza zenye vipimo vya inchi. Kwa skrubu ambayo mzunguko mmoja wake ni inchi 0.200, kama zilivyo nyingi za Bridgeport, chapa ya Marekani, ncha ya inchi 0.200 inafaa mno, kwani nusu yake ni nusu ya mzunguko wa gurudumu la kusogezea meza na haihitaji hesabu. Ukiweka ncha ya milimita 10 kwenye mashine hiyo, utalazimika kugeuza milimita kuwa inchi kila unapoweka sifuri, na uchovu wa jioni utakukosesha siku moja. Mwenye skrubu za milimita achukue ncha ya milimita 10 au 4.

Vipo pia vya umeme, vyenye betri na tufe dogo chini, ambavyo huwasha taa tufe linapogusa chuma. Hivyo havizungushwi, na nimevifurahia panapokuwa na giza. Lakini havifai kwa plastiki wala mbao, kwa kuwa umeme haupiti humo, na spindo au koleti ikiyumba, kosa hilo huingia moja kwa moja kwenye kipimo. Kwa karakana yenye mashine moja na pesa za kifaa kimoja, ningenunua cha springi bila kusita. Kutafuta katikati ya tundu lililokwisha kuchongwa natumia geji ya saa, kipimo chenye mshale kama wa saa.

Jambo linalowasumbua wengi ni kupwaya kwa skrubu: ukigeuza mwelekeo, gurudumu huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Ukiwa huna kisomeo cha namba kwenye meza, kifaa kinachoonesha mahali meza ilipo hasa, kila mguso uufikie kwa kuzungusha gurudumu upande uleule, na ukipita, rudi nyuma mzunguko mzima ndipo uje tena. Kutafuta katikati ya bamba kwa kugusa pande zote mbili kunavutia, maana katikati ya namba mbili hupatikana bila kuhesabu nusu ya ncha. Ila miguso hiyo miwili hutoka pande zinazokabiliana, na mpwayo wote huingia ndani yake. Mimi huupima kwanza kwa kipande nilichokipima kwa mikromita. Kipande cha milimita 50 na ncha ya milimita 10 lazima vitoe milimita 60 kutoka mguso mmoja hadi mwingine. Mashine yangu hutoa 59.82, kwa hiyo naongeza 0.18 kabla ya kugawanya kwa mbili.

Bamba la mteja nililipima kwa kitafuta-ukingo cha springi asubuhi, ukingo wa kushoto kwanza, kisha wa mbele, kila mmoja mara tatu. Alipolipeleka kwenye mashine yake, bolti nne ziliingia kwa vidole.