Nilivyofunga boneti nyepesi kwenye pikipiki ya theluji

Niseme mapema tu, kwenye pikipiki ya theluji (snowmobile, ile mashine yenye skii mbele na mnyororo mpana wa mpira nyuma) boneti nyepesi haikupi spidi. Mi niliitaka kwa sababu naendesha zaidi kwenye theluji laini ya milimani, na huko ukitaka kuilaza mashine ubavu ukate mteremko, uzito ulioko juu na mbele unausikia mabegani kabisa. Boneti ya kiwandani imebeba taa, njia za hewa, masponji, na kwangu hata dashibodi ilikua imekaa humohumo. Nikachukua ya karboni faiba isiyo na taa, ina matundu makubwa yenye wavu. Za faibaglasi zipo na bei yake ni nafuu, ila zinazidi uzito kidogo, na zile za plastiki nyembamba mi siziamini kwenye baridi kali, maana plastiki ikipoa sana inakua ngumu na ikigongwa na tawi inaweza kupasuka.

Kabla ya kufungua chochote nilipiga picha kila waya na kila soketi, halafu nikavua ile ya zamani. Hapo hakuna cha kusimulia, ni skrubu za kuzungusha robo na mipira ya kubana, basi. Nikapanda mizani ya bafuni nimeikumbatia ile ya zamani na taa zake, kisha nikapanda na mpya, tofauti ilikua ni ya kilo chache tu, so anaekwambia mashine itapaa anakuuzia maneno.

Kazi yenyewe iko kwenye vitu ambavyo boneti ya zamani ilikua inavifanya kimyakimya. Cha kwanza hewa. Kwenye mashine yangu injini inavuta hewa kupitia matundu ya boneti, kuna sponji inabana pale boneti inapokutana na mdomo wa boksi la filta ili injini ipate hewa baridi ya nje. Ukifunga boneti mpya bila kuziba pale vizuri, injini inavuta hewa moto ya chini ya boneti, na hewa moto ina oksijeni kidogo, kwahiyo umepunguza uzito na nguvu nazo umezipunguza. Nilikata sponji mpya isiyonyonya maji, nikaibandika, nikapaka chaki kidogo juu yake, nikafunga na kufungua boneti kuona kama alama imeshika mzunguko mzima. Kwenye matundu nikaongeza kitambaa cha wavu kinachokataa maji, maana theluji ya unga inapita popote, ikikuta joto inayeyuka, ikipoa inaganda na kuziba njia.

Cha pili joto. Boneti nyembamba inakaa karibu na ekzosi na haina ile kinga ya kiwandani. Niliweka vidonge vya udongo wa kufinyanga, ule wa kuchezea watoto, juu ya ekzosi na sehemu zote zilizoinuka, nikafunga boneti taratibu, nikafungua nikaangalia umebondeka kiasi gani. Hii ni njia ya bei rahisi na haidanganyi. Ila kumbuka injini imekaa juu ya mipira na inacheza ukivuta moto, kwahiyo nafasi ya kupitisha kidole tu haitoshi. Pale palipokua karibu nikabandika foili ya kuzuia joto. Upande wa klachi matundu makubwa ni faida, mkanda unaopeleka nguvu ya injini unapata upepo. Ila kile kifuniko cha mkanda usikitoe eti unatafuta wepesi zaidi!! mkanda ukikatika kwenye mzunguko mkali vipande vinaruka kama risasi.

Kutoboa karboni faiba kunataka subira. Nilibandika tepu pale pa kutoboa, nikaweka kibao kwa nyuma, nikaanza na drili ndogo ndo nikapanua. Vaa barakoa na miwani, vumbi lake linawasha na si la kuingiza kwenye mapafu. Kila bolti nikaiwekea washa pana, na pale boneti inapogusana na alumini nikatenganisha kwa washa za plastiki, kwasababu karboni na alumini zikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini inaliwa. Watu wengi hawajui pia kwamba karboni inapitisha umeme, waya ukichubuka juu yake una shoti. Nyaya zote nikazivalisha koti na kuzifunga mbali na kingo.

Soketi za taa zilizobaki nikazijaza grisi ya umeme, nikazifunga tepu. Dashibodi nikaihamishia kwenye kibao kidogo karibu na usukani, nikaukata usukani kushoto kulia mpaka mwisho kuona kama kuna kinachovutwa. Nikaongeza taa ndogo ya LED, ila kama mashine yako ni ya zamani isiyo na betri angalia kwanza umeme wa taa, nyingine zinatoa AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara) moja kwa moja na LED itakua inapepesa injini ikiwa sailensa, yani inaunguruma bila kuvutwa moto.

Majaribio nilifanya ya mwendo mfupi, nasimama, nafungua, nashika boneti kwa ndani juu ya ekzosi, naangalia boksi la filta kama lina theluji. Lilikua kavu. Kelele ndo zimeongezeka kweli, masponji ya zamani yalikua yanazimeza, sasa navaa vizibo vya masikio. Ya kiwandani sijaiuza, njia nyingi rasmi zinadai taa kamili, na kwa safari za usiku bado naifunga ileile.