Siku moja na kipande cha nondo: kuwinda matundu kwenye ghorofa la Kariakoo

Saa 10:45 alfajiri. Nakaa Kimara, na wa Kimara wenzangu wanajua kwamba ukichelewa robo saa tu unapanda mwendokasi umening'inia kama popo. Begi langu lina kofia ngumu, tochi mbili, rangi nyekundu ya kupuliza na kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mkono. Mlinzi wa kituo ameshaniuliza mara mbili nakwenda kumpiga nani.

Simpigi mtu, napiga kuta. Mimi ni afisa usalama wa mkandarasi kwenye jengo la ghorofa 12 linalopanda Kariakoo: chini fremu za maduka, katikati stoo, juu nyumba za kupangisha. Watu wakisikia usalama wanafikiria kofia na buti. Kwangu nusu ya kazi ni moto, moto wa leo tukiwa tunajenga na moto wa miaka 20 ijayo wakati sisi tumeshasahau hata rangi ya jengo.

Saa 1:00 asubuhi. Mkutano wa kuanza kazi, wote tumesimama. Leo nimeuliza swali moja: moto ukitokea ghorofa ya 9, wewe unashukia wapi? Kijana mmoja saidia fundi akajibu haraka, "Lifti ya mizigo, dada." Watu wakacheka, ila waliocheka nao hawakuwa na jibu. Jengo linalojengwa ni hatari kuliko lililokamilika: pampu ya moto haijafungwa, milango ya ngazi haijaja, lakini mirunda, mbao, thina na mitungi ya gesi vimejaa kila ghorofa. Nikawapitisha wote kwenye ngazi ya mashariki hadi nje, nikawakumbusha 114 ni namba ya Zimamoto, tukaachana. Soko Kuu, lile lililoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, liko hatua chache kutoka getini kwetu. Sina haja ya kuhubiri sana.

Saa 2:30. Fundi wa kuchomelea anataka kibali aweke reli za ngazi ghorofa ya 9. Masharti yangu hayabadiliki: mtungi wa kuzimia moto pembeni, mtu wa kulinda cheche, na mlinzi huyo abaki saa nzima baada ya mashine kuzimwa, kwa sababu cheche inaweza kulala kwenye vumbi la mbao ikaamka mafundi wakiwa kwenye chai. "Dada, cheche si moto," akaniambia. Nikamshusha ghorofa ya 8, nikamwonyesha pale juu kando ya paipu ya maji machafu. Tundu. Unaiona buti ya msaidizi wake. Chini ya tundu hilo kuna rundo la maboksi ya vigae. Kigae hakiungui, boksi linaungua. Hakusema kitu, akaanza kuhamisha maboksi mwenyewe.

Saa 4:00. Sasa kazi yenyewe, maana hilo tundu lina ndugu zake.

Kwenye michoro kila ghorofa ni sanduku. Sakafu ya zege inazuia moto usipande, kuta za kuzunguka ngazi zimepangiwa kustahimili saa 2, ili wa juu wapate muda wa kushuka na zimamoto wapate muda wa kupanda. Hesabu nzuri kabisa. Halafu anakuja fundi bomba anatoboa kupitisha paipu ya inchi 4. Fundi umeme ana nyaya tatu, anatoboa tundu la kupita mbuzi. Wa viyoyozi naye na nyundo yake. Kila mmoja akimaliza lake anafunga begi, na tundu linabaki yatima. Moshi hauhitaji mlango kupita, na moshi ndio unaowahi kuua, moto unakuja nyuma yake. Hata tundu lililobana paipu vizuri si salama kama paipu ni ya plastiki: ikipata joto inalainika, inayeyuka, unabaki na dirisha la inchi 4. Ndiyo maana panatakiwa kola maalumu inayovimba kwa joto na kuikaba paipu kabla haijaisha.

Fundi plasta hana kola. Ana mifuko mitupu ya saruji. Anaikunja, anaisokomeza tunduni, anapiga plasta juu, ukuta unang'aa kama wa bwana harusi. Kwa macho hukamati. Ndiyo kazi ya nondo: ukigonga penye zege inalia ti! kali, ukigonga penye karatasi inalia bu.

Ghorofa ya 6 leo nimegonga sehemu 22. Tisa zimesema bu. Niliyoivunja ilitoa mfuko wa saruji, kipande cha boksi na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Nimezipulizia zote alama nyekundu, nimezipiga picha. Foromani alinifuata akihema: "Dada, unatuharibia finishingi." Nikamuuliza kandambili ni ya nani.

Saa 6:30 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie. Yeye ndoo yake ya mchanga iko pembeni ya jiko tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemwambia.

Saa 8:00. Kikao cha saiti. Mwenye jengo, Hajat, alikuja na hoja yake. Ngazi ya pili ile ya nyuma inakula nafasi ya fremu mbili. "Watu watashukia hii ya mbele, mwanangu. Ya nyuma nani ataitumia?" Nikamwambia, shikamoo yake ikiwa bado mdomoni mwangu, kwamba ya nyuma ni ya siku ambayo ya mbele imejaa moshi. Msanifu akaongeza kuwa ramani iliyopitishwa ina ngazi mbili, ukitoa moja hilo ni jengo lingine na kibali chake kingine. Hajat akarudi kwa njia ya pembeni: basi liwekwe geti, funguo akae nazo mlinzi. Hapo nilimtajia shule ya Kyanguli, kule Machakos, Kenya, Machi 2001. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, wakafa wavulana 67. Hajat akakaa kimya kidogo akisogeza tasbihi. "Yaache hayo ya geti," akasema.

Ngazi ikapona. Matundu ndiyo yaliyotukwamisha. Nilizungusha picha mezani. Fundi bomba: mkataba wangu ni paipu, si tundu. Injinia wa nguzo: mimi sikuchora hayo matoboo. Msanifu: niliandika kwenye maelezo kwamba mianya yote izibwe. Mkadiriaji wa gharama: imeandikwa, lakini haina bei. Bosi wangu mwenyewe: kisicho na bei hakijengwi. Ni kweli tupu kila mmoja alichosema, na ndicho kinachonitisha. Msanifu, ambaye hasemi sana, akataja jengo la Grenfell la London: ghorofa 24, friji ikashika moto ghorofa ya 4 tarehe 14 Juni 2017, wakafa watu 72. Uchunguzi ulichukua miaka, na aliyeulizwa alinyoosha kidole kwa aliyeketi pembeni yake. Tukatazamana kuzunguka meza yetu.

Tukaafikiana hivi: anayetoboa ndiye anayeziba, kwa vifaa sahihi, na hakuna plasta kabla ya sahihi yangu. Kola ziwekewe bei wiki hii. Hajat ndiye aliyeuliza swali bora la kikao: "Kumbe hiyo kola bei gani?" Akaambiwa. "Basi si bei ya kandambili," akasema, na mimi sikujua kama ametania.

Saa 10:00 jioni. Tangi la chini. Paipu ya maji ya matumizi inatakiwa inyonye kutoka juu zaidi, ili wapangaji hata wakimaliza maji, ya chini yabaki ya pampu ya moto. Zote mbili, hiyo na ya pampu ya moto, zimefungwa usawa mmoja. Nimeandika, fundi ametia sahihi, kesho inapandishwa.

Saa 1:15 usiku. Niko kwenye mwendokasi, nimesimama, nondo imenichoma ubavuni. Foromani ametuma picha ya ghorofa ya 6: "Yote tisa tayari dada, tumeziba usiku huu huu." Kola tumekubaliana mchana huu tu ziwekewe bei, hakuna iliyonunuliwa. Nikaikuza picha kwa vidole. Kwenye ukingo wa tundu la nne kuna kikona cha karatasi ya kaki.

Nikamjibu: "Asante kaka. Saa 1:00 nipo hapo na nondo."